Vinu vya Nyuklia Vitani: Hatari Huanza Umeme na Maji Vinapokatika

Na Mwandishi Wetu

Tarehe 23 Septemba 2025, njia pekee iliyokuwa imebaki ya kuingiza umeme katika kituo cha nyuklia cha Zaporizhzhia, kusini mwa Ukraine, ilikatika. Hakuna kinu kilichobomolewa wala mionzi iliyovuja. Hata hivyo, kwa takriban mwezi mmoja, hadi tarehe 23 Oktoba, kituo kikubwa kuliko vyote barani Ulaya kiliendeshwa kwa kutegemea jenereta za dizeli. Ilikuwa mara ya 10 kwa kituo hicho kupoteza umeme wote wa nje tangu vita vianze, na hadi wakati huo hakikuwa kimewahi kukaa gizani muda mrefu kiasi hicho.

Kwa msomaji wa kawaida, habari hiyo inaweza kuonekana ya ajabu. Kituo cha kuzalisha umeme kinahitaji umeme wa nini? Na ikiwa vinu vyake vyote 6 vilikuwa vimezimwa, hofu ilitoka wapi? Majibu ya maswali hayo mawili ndiyo yanayoeleza kwa nini ulinzi wa vituo vya nyuklia wakati wa vita umekuwa miongoni mwa masuala mazito ya kidiplomasia katika miaka ya karibuni, na kwa nini suala hilo linazihusu pia nchi za Afrika ambazo ama zinajenga vituo vya aina hiyo au zinafikiria kuvijenga.

Makala haya yanachambua mambo matatu: namna kituo cha nyuklia kinavyoweza kuwa hatari hata pasipo kupigwa bomu, namna sheria za kimataifa zinavyokilinda na pale zinapoishia, na nafasi ya Afrika katika mjadala huo.

Kinu kilichozimwa hakijapoa

Kituo cha nyuklia huzalisha umeme kwa njia inayofanana na ya vituo vingine vya joto. Maji huchemshwa, mvuke huzungusha mashine, na mashine huzalisha umeme. Tofauti iko katika chanzo cha joto. Badala ya kuchoma gesi au makaa ya mawe, kinu cha nyuklia hutumia joto linalotokana na kupasuka kwa viini vya atomu za urani iliyopangwa ndani ya mirija ya metali.

Moto wa kuni ukizimwa, jiko hupoa. Kinu cha nyuklia hakiko hivyo. Kinapozimwa, kupasuka kwa viini hukoma ndani ya sekunde chache, lakini mabaki ya mpasuko huo huendelea kutoa mionzi na joto. Kinu cha aina iliyoko Zaporizhzhia huzalisha takriban megawati 3,000 za joto ili kupata megawati 1,000 za umeme. Mara tu baada ya kuzimwa, joto linalobaki huwa ni kati ya asilimia 6 na 7 ya kiwango hicho, yaani karibu megawati 200. Baada ya siku moja hushuka chini ya asilimia 1, kisha huendelea kupungua polepole kwa miezi na miaka.

Joto hilo lazima liondolewe, na kinacholiondoa ni maji yanayosukumwa na pampu. Pampu zinahitaji umeme. Kwa sababu hiyo kila kituo huunganishwa na gridi ya taifa kwa njia kadhaa, ili gridi ikilishe kituo pale kituo kinaposhindwa kuilisha gridi. Njia zote zikikatika, jenereta za dizeli huchukua nafasi. Jenereta nazo zikikosa mafuta au zikiharibika, maji huacha kuzunguka, joto hupanda, mirija ya metali huyeyuka, na mionzi hupata njia ya kutoka.

Hivyo ndivyo ilivyotokea Fukushima, nchini Japani, tarehe 11 Machi 2011. Tetemeko la ardhi lilikata umeme wa gridi, na vinu vilivyokuwa vikifanya kazi vilijizima kama vilivyokusudiwa. Kisha mawimbi ya tsunami yakazamisha jenereta. Vinu 3 viliyeyuka, na zaidi ya watu 150,000 wakalazimika kuhama makazi yao. Msiba huo ulitokea bila risasi hata moja kufyatuliwa.

Ieleweke pia kwamba kinu cha umeme hakiwezi kulipuka kama bomu la atomu, kwa kuwa urani inayotumiwa humo hairutubishwi kwa kiwango kinachohitajika kutengeneza silaha. Hatari yake ni mionzi inayotoroka na kusambazwa na upepo, mvua na mito, hata kuifanya ardhi isikalike kwa miongo kadhaa. Baada ya ajali ya Chernobyl ya tarehe 26 Aprili 1986, watu wapatao 116,000 walihamishwa mwaka huohuo, na eneo linalokizunguka kituo hicho limebaki limefungwa hadi leo.

Yaliyotokea Zaporizhzhia

Kituo cha Zaporizhzhia kipo katika mji wa Enerhodar, kando ya mto Dnipro. Kabla ya vita kilikuwa kikitoa takriban sehemu moja ya tano ya umeme wote wa Ukraine. Majeshi ya Urusi yalikitwaa tarehe 4 Machi 2022, baada ya mapigano yaliyosababisha moto katika jengo la mafunzo lililomo ndani ya eneo la kituo. Ulikuwa mwanzo wa hali ambayo dunia haikuwa imewahi kuishuhudia: kituo kikubwa cha nyuklia kilichokuwa kikifanya kazi kutekwa na jeshi na kubaki karibu na mstari wa mbele wa vita.

Tangu wakati huo Urusi na Ukraine zimekuwa zikilaumiana kwa kila tukio la makombora na ndege zisizo na rubani katika eneo hilo. Septemba 2022, Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomu, IAEA, Bw. Rafael Grossi, aliongoza ujumbe uliovuka mstari wa mapigano hadi kituoni, na kuwaacha huko wataalamu ambao wenzao wamekuwa wakiwapokea kwa zamu tangu siku hiyo. Tarehe 11 Septemba 2022 kinu cha mwisho kilichokuwa kikizalisha umeme kilizimwa. Tangu Aprili 2024 vinu vyote 6 vimekuwa vimezimwa na kupozwa kabisa.

Uamuzi huo umepunguza hatari kwa kiasi kikubwa. Joto lililobaki ndani ya vinu ni sehemu ndogo tu ya lile la awali, na wataalamu wangekuwa na muda mrefu zaidi wa kuchukua hatua endapo maji yangekosekana. Aidha, iodini yenye mionzi, ambayo hudhuru tezi ya shingo hasa kwa watoto, hupungua nusu kila baada ya siku 8, hivyo ile iliyokuwemo ndani ya vinu imekwisha kitambo. Hata hivyo, sizimu yenye mionzi huchukua takriban miaka 30 kupungua nusu, na hiyo bado imo ndani ya vinu na katika mabwawa ya kuhifadhia urani iliyotumika.

Ukifuatilia matukio ya kituo hicho tangu 2022, utaona kwamba kuta za zege zenye unene wa zaidi ya mita moja zimestahimili. Kilichodhoofika ni kila kitu kinachozihudumia kuta hizo.

Umeme ndio uliotangulia kudhoofika. Kabla ya vita kituo kilikuwa na njia 10 za umeme wa nje, 4 za kilovoti 750 na 6 za kilovoti 330. Vita vilizikata moja baada ya nyingine, hadi kwa vipindi virefu kukabaki njia mbili au moja tu. Jambo hilo halikuishia Zaporizhzhia. Tarehe 23 Novemba 2022, baada ya mashambulizi makubwa dhidi ya miundombinu ya nishati ya Ukraine, vituo vya nyuklia vya nchi hiyo vilivyo mbali kabisa na mstari wa mbele navyo vilipoteza umeme wa nje kwa muda.

Kisha yakafuata maji. Kituo kilitegemea ziwa lililoundwa na bwawa la Kakhovka katika mto Dnipro. Tarehe 6 Juni 2023 bwawa hilo lilibomoka, ziwa likakauka, na vijiji na miji iliyo chini ya bwawa ikafurika. Kituo kilinusurika kwa sababu kilikuwa na bwawa lake la kupozea lililotengwa na ziwa, na kwa sababu vinu vilikuwa vimezimwa tayari. Baadaye vilichimbwa visima 11 vinavyotoa takriban mita za ujazo 250 kwa saa, kiasi kinachotosha kupoza vinu vilivyozimwa lakini kisichotosha kuviendesha.

Watu nao walipungua. Kabla ya vita kituo kilikuwa na wafanyakazi wapatao 11,500. Mwanzoni mwa 2024, IAEA ilitaja idadi ya 4,500 walioajiriwa chini ya uongozi mpya. Mwendeshaji wa kinu hufundishwa kwa miaka mingi, tena kwa kinu cha aina maalumu, na hawezi kupatikana kwa tangazo la kazi la wiki moja. Mtu huyo akifanya kazi huku bunduki ikiwa mlangoni, familia yake ikiwa imetawanyika na mabosi wawili wakimpa amri zinazopingana, uwezo wake wa kuamua haraka na kwa usahihi hupungua.

Hali ya Chernobyl, kaskazini mwa nchi hiyo, ilitoa somo kama hilo. Majeshi ya Urusi yalikishikilia kituo hicho, ambacho kilikwishaacha kuzalisha umeme miaka mingi iliyopita, tangu tarehe 24 Februari hadi 31 Machi 2022. Wafanyakazi wapatao 210 waliokuwa zamu siku kilipotekwa walibaki kazini kwa karibu wiki 4 bila kupokewa. Miaka mitatu baadaye, tarehe 14 Februari 2025, ndege isiyo na rubani ilitoboa kuba kubwa la chuma linalofunika mabaki ya kinu kilicholipuka mwaka 1986, kuba lililogharimu takriban yuro bilioni 1.5. Viwango vya mionzi havikupanda, lakini kinga iliyojengwa ili idumu kwa miaka 100 ikawa na tundu kabla haijamaliza hata miaka 10 mahali pake.

Sheria inasema nini

Wapo wanaoamini kwamba kushambulia kituo cha nyuklia kumepigwa marufuku moja kwa moja na sheria za kimataifa. Ukweli una tabaka zaidi ya moja.

Sheria ya msingi ni Itifaki ya Nyongeza ya Kwanza ya Mikataba ya Geneva, iliyopitishwa mwaka 1977. Ibara ya 56 ya Itifaki hiyo inataja aina tatu za miundombinu yenye nguvu za hatari: mabwawa, kingo za kuzuia maji, na vituo vya umeme wa nyuklia. Ibara inakataza kuvishambulia, hata pale vinapokuwa na sifa ya kuwa shabaha ya kijeshi, endapo shambulizi linaweza kuachilia nguvu hizo na kusababisha hasara kubwa kwa raia. Inazitaka pia pande zinazopigana zijiepushe kuweka zana za kijeshi karibu na miundombinu hiyo, na imeweka alama maalumu ya kuitambulisha, ambayo ni duara tatu za rangi ya chungwa zilizopangwa katika mstari mmoja.

Hata hivyo, Ibara hiyohiyo ina mwanya. Ulinzi maalumu wa kituo cha nyuklia hukoma ikiwa kituo kinatoa umeme unaosaidia operesheni za kijeshi mara kwa mara, kwa kiwango kikubwa na moja kwa moja, na ikiwa kukishambulia ndiyo njia pekee inayowezekana ya kukomesha msaada huo. Masharti hayo ni magumu kutimizwa, lakini katika nchi ambayo kambi za jeshi na nyumba za raia hupata umeme kutoka gridi moja, kila upande unaweza kujaribu kuyatafsiri kwa manufaa yake. Kwa upande mwingine, Itifaki ya Pili, inayohusu migogoro ya ndani ya nchi, inaweka katazo kama hilo katika Ibara yake ya 15 bila kutaja mwanya wowote. Tanzania ni mwanachama wa itifaki zote mbili tangu 1983. Baadhi ya mataifa yenye nguvu kubwa za kijeshi, ikiwemo Marekani, hayajaridhia Itifaki ya Kwanza.

Mwanya wa pili ni mpana zaidi, nao haujaandikwa popote. Ibara ya 56 iliandikwa kwa kumfikiria rubani anayelenga kinu. Haikumfikiria yule anayelenga kituo cha kupozea umeme kilichoko kilomita 100 kutoka hapo, nguzo za njia ya kilovoti 750, au ghala la dizeli. Vitu hivyo hulindwa na kanuni za jumla za kuwalinda raia na mali zao, lakini havina kinga maalumu aliyopewa kinu, ingawa kinu hakiwezi kuwa salama bila vitu hivyo. Vilevile, Mkataba wa Ulinzi wa Nyenzo za Nyuklia, ambao marekebisho yake yalianza kutumika tarehe 8 Mei 2016, unahusu wizi, hujuma na ugaidi, lakini unaacha nje vitendo vya majeshi wakati wa vita.

Ni kutokana na upungufu huo kwamba tarehe 2 Machi 2022, siku 2 tu kabla Zaporizhzhia haijatwaliwa, Bw. Grossi aliieleza Bodi ya Magavana ya IAEA kile kilichokuja kujulikana kama nguzo 7 za usalama wa nyuklia wakati wa vita. Nguzo hizo ni uimara wa majengo. Mifumo ya usalama inayofanya kazi wakati wote. Wafanyakazi walio huru kuamua bila shinikizo. Umeme wa uhakika kutoka nje. Njia za kufikisha vipuri na mahitaji. Vipimo vya mionzi pamoja na maandalizi ya dharura. Na mawasiliano ya kuaminika na mamlaka ya udhibiti. Ukizisoma kwa makini utagundua kuwa ya kwanza pekee ndiyo inayohusu kuta. Nyingine 6 zinahusu yanayozizunguka.

Tarehe 30 Mei 2023, mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, aliongeza kanuni 5 mahsusi kwa Zaporizhzhia, zikiwemo kutokishambulia kituo wala kushambulia kutokea ndani yake, kutokitumia kama ghala la silaha nzito, na kutouweka hatarini umeme wake wa nje. Wiki moja baadaye bwawa la Kakhovka likabomoka. Kanuni hizo zina uzito wa kimaadili na wa kidiplomasia, lakini si mkataba, na IAEA haina jeshi la kuzisimamia.

Je, basi juhudi hizo hazina maana? Ushahidi unaonyesha zina maana. Njia ya umeme iliyokatika Septemba 2025 ilirejeshwa baada ya pande mbili zinazopigana kukubali kusitisha mapigano katika maeneo madogo tu, kwa upatanishi wa IAEA, ili mafundi wapite na kuitengeneza. Maadui ambao hawajakubaliana juu ya mpaka walikubaliana juu ya nguzo za umeme. Hilo linaonyesha kwamba hata katikati ya vita vikali, kuna mambo ambayo pande zote zinatambua kuwa hasara yake haitachagua bendera.

Tatizo si la Ukraine pekee

Historia inaonyesha kuwa Ukraine si mahali pa kwanza ambapo suala hili limejitokeza. Mwaka 1981, Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 487 kulaani shambulizi la Israel dhidi ya kinu cha utafiti cha Osirak nchini Iraq. Kati ya 1984 na 1988, Iraq nayo ilikishambulia mara kadhaa kituo cha Bushehr cha Iran kilichokuwa bado kinajengwa.

Kituo hicho cha Bushehr, ambacho sasa huzalisha umeme, kilirudi katika vinywa vya wanadiplomasia Juni 2025, Israel na baadaye Marekani ziliposhambulia maeneo mengine ya nyuklia ya Iran. Bw. Grossi alilionya Baraza la Usalama kwamba kati ya maeneo yote, Bushehr ndipo ambapo shambulizi lingeleta madhara makubwa zaidi, na kwamba hata kukata njia mbili tu zinazokipelekea umeme kungeweza kusababisha kiini cha kinu kuyeyuka. Bushehr ipo ufukweni mwa Ghuba, na mataifa ya ng'ambo ya maji hayo hutegemea bahari hiyohiyo kupata maji ya kunywa yaliyoondolewa chumvi.

Upo pia mfano wa kutia moyo. India na Pakistan zilitiliana saini tarehe 31 Desemba 1988 makubaliano ya kutoshambuliana katika maeneo ya nyuklia. Kila tarehe 1 Januari, nchi hizo mbili hubadilishana orodha za maeneo hayo. Zimepigana na kufikishana ukingoni mwa vita vikubwa tangu wakati huo, lakini desturi ya kubadilishana orodha imeendelea. Makubaliano hayo ni mafupi na hayana mahakama ya kuyasimamia. Nguvu yake ni kwamba yaliwekwa kabla ya haja yake kutokea.

Afrika inasimama wapi

Bara la Afrika lina sababu tatu za kulifuatilia suala hili kwa karibu.

Kwanza, lina historia nalo. Desemba 1982, wapigania uhuru wa Afrika Kusini walitega mabomu katika kituo cha Koeberg karibu na Cape Town, kilichokuwa kikijengwa na utawala wa makaburu. Mabomu 4 yalilipuka, na hakuna aliyeuawa wala mionzi iliyovuja, kwa kuwa vinu vilikuwa havijaanza kufanya kazi. Shabaha ilikuwa kuuumbua utawala na kuuchelewesha mradi bila kuwadhuru wananchi. Tukio hilo linakumbusha kwamba kituo cha nyuklia hakiwezi kutenganishwa na siasa za nchi kilipo.

Pili, vituo vinaongezeka. Koeberg ndicho kituo pekee cha umeme wa nyuklia kinachofanya kazi barani, lakini Misri inajenga vinu 4 vya megawati 1,200 kila kimoja huko El Dabaa, katika pwani ya bahari ya Mediterania. Katika Afrika Mashariki, Kenya imekuwa ikiandaa mpango wa kituo chake cha kwanza, na Uganda imeichagua Buyende kuwa eneo la kituo chake. Tanzania ina akiba ya urani katika eneo la Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, mkoani Ruvuma.

Tatu, Afrika ina sheria yake, tena yenye maneno makali kuliko ya Geneva. Mkataba wa Pelindaba, unaolifanya bara hili kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia, ulifunguliwa kutiwa saini jijini Cairo tarehe 11 Aprili 1996. Ulianza kutumika tarehe 15 Julai 2009, Burundi ilipokuwa nchi ya 28 kuuridhia. Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizouridhia. Ibara yake ya 11 inazitaka nchi wanachama zisifanye, zisisaidie wala zisichochee kitendo chochote kinacholenga shambulizi la silaha, ziwe za kawaida au za aina nyingine, dhidi ya maeneo ya nyuklia yaliyomo katika ukanda huo. Haina kigezo cha umeme unaosaidia jeshi wala cha njia pekee inayowezekana.

Hata hivyo, mkataba huo nao una mipaka yake. Ibara ya 11 inazifunga nchi wanachama tu. Mataifa ya nje yenye silaha za nyuklia yaliombwa, kupitia itifaki zake, yaahidi kutoitumia wala kuitishia Afrika kwa silaha hizo, lakini ahadi hiyo haigusi mashambulizi ya silaha za kawaida. Makundi yenye silaha, ambayo ndiyo chanzo cha migogoro mingi ya ukanda wetu, hayatii saini mikataba. Na kama ilivyo Geneva, Ibara hiyo inalitaja eneo la nyuklia lenyewe, haizitaji nguzo za umeme na mito inayolihudumia.

Hapo ndipo funzo la Zaporizhzhia linapopata maana kwa nchi inayopanga kujenga. Swali la kwamba kuta za kinu zinaweza kuhimili kishindo gani ni muhimu, na wahandisi wana majibu yake. Maswali magumu zaidi yanahusu yaliyo nje ya uzio. Je, njia za umeme zinazofika kituoni zinapita maeneo tofauti, au zote zinapita bonde moja? Je, maji ya kupozea yana chanzo cha akiba kisichotegemea bwawa moja? Je, dizeli iliyopo kituoni inatosha siku ngapi, na barabara ya kuileta nyingine iko mikononi mwa nani? Je, nchi jirani zimekubaliana mapema kuhusu namna ya kupeana taarifa na kuwaruhusu mafundi kupita? Maswali hayo hujibiwa kwa gharama nafuu wakati wa kuchora ramani, na kwa gharama kubwa sana wakati wa vita.

Ibara ya 56 ya Geneva inawagusa Watanzania hata pasipo kinu cha nyuklia, kwa kuwa inayalinda pia mabwawa. Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo ya megawati 2,115 katika mto Rufiji, liko chini ya ulinzi huohuo. Aliyeona picha za mafuriko ya Kakhovka mwaka 2023 hahitaji kuelezwa kwa nini mabwawa na vinu viliwekwa katika ibara moja.

Mwananchi azingatie nini

Zaporizhzhia ipo zaidi ya kilomita 5,000 kutoka Afrika Mashariki, na hakuna tukio lolote la huko hadi sasa lililosababisha mionzi kuvuja kwa kiwango cha kuwadhuru watu nje ya kituo. Wasomaji wanaokutana na picha na sauti za kutisha katika mitandao ya kijamii wanashauriwa kulinganisha taarifa hizo na zile za IAEA, ambayo ina wataalamu wake kituoni, na za mamlaka za kitaifa. Nchini Tanzania mamlaka hiyo ni Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, TAEC, ambayo pamoja na majukumu mengine hupima mionzi katika vyakula vinavyoingia na kutoka nchini.

Wakati huohuo, utulivu usigeuke kuwa usahaulifu. Chini ya Mkataba wa Kutoa Taarifa za Mapema za Ajali za Nyuklia wa mwaka 1986, nchi iliyopatwa na ajali inapaswa kuzijulisha nyingine bila kuchelewa. Mkataba huo ulizaliwa kwa sababu baada ya Chernobyl majirani waligundua msiba kwa vipimo vyao wenyewe kabla hawajaambiwa. Ukweli unaotolewa mapema ni sehemu ya usalama wa nyuklia sawasawa na pampu na jenereta.

Kwa miaka mingi mjadala wa nyuklia vitani ulijikita katika hofu ya bomu moja kubwa. Uzoefu wa tangu 2022 umeonyesha hatari ya namna nyingine, isiyo na kishindo: nguzo inayoanguka, ziwa linalokauka, fundi asiyerudi kazini. Sheria iliyopo inamzuia, kwa kiasi chake, anayetaka kukivunja kinu. Bado haijamzuia vya kutosha anayekinyima umeme na maji. Afrika, ambayo wengi wa wanachama wake bado hawajaweka jiwe la msingi la kinu cha kwanza, ina nafasi ambayo Ukraine haikuipata: kuziba pengo hilo kabla ya kujenga.